Aliyepanda Ndiye Aanzaye Salamu

Wazee wa mitaa mliotuheshimu kwa kufika, na nyinyi vijana mnaojiandaa kuwatembeza wageni kwa baisikeli usiku katika Mji wa Kale wa Mombasa: walionisikia mwaka jana wanalijua nitakalolisema, na nimewaona wawili pale nyuma wakinong'onezana kwamba mzee ameanza tena. Ni kweli, nimeanza tena, na nitalisema hadi siku nitakapokaa mtaa wa Ndia Kuu usiku nisione kikundi cha baisikeli kikizipita baraza kimya, kana kwamba waliokaa juu yake ni sehemu ya ukuta.

Sitawasomea habari za Ngome ya Yesu. Kwamba ilijengwa kuanzia 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, kwamba ilizingirwa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, kwamba ilikuwa gereza hadi 1958, hayo mmeyakariri. Linalonishughulisha ni mkishaiacha Ngome na kuingia mitaani, ambako hakuna tiketi wala lango, bali mna nyumba za watu.

Usiku wangu wa kwanza niliongoza wageni sita, na kila baisikeli niliifunga taa ya kuumiza macho, kwa kuwa niliamini kwamba kuona ni kumulika. Tulipofika kwenye mlango mmoja wa kuchonga nilisimama bila kushuka, mguu nikauegemeza kwenye ukingo wa baraza, nikaanza kuieleza nakshi kwa sauti ya mwalimu wa gwaride. Ubao mmoja wa mlango ulikuwa wazi, na taa zote saba zikapenya hadi ndani, ambako mama mmoja alikuwa akikunja nguo. Kutoka kizani, karibu kabisa na gurudumu langu, sauti ikaniuliza kwa upole mkubwa: “Mumeibiwa, mwanangu, au mwamtafuta mtu?”

Alikuwa mzee aliyekaa pale muda wote huo, kikombe cha kahawa mkononi, na kiatu changu kilikuwa kimekaribia kugusa kanzu yake. Nikajibu kwamba ninawaonyesha wageni mlango. Akauliza mimi ni mwana wa nani; nikamtajia baba yangu, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba baba yangu alikuwa akijua kusalimu. Nimewahi kukemewa kwa makelele na watu wengi, lakini hakuna karipio lililoniingia kama lile.

Tulishuka sote. Akawakaribisha wageni wakae, akamwita muuza kahawa aliyekuwa akipita na dele lake, akatuamuru tuzime taa zote isipokuwa moja, na hiyo moja akaishika mwenyewe, akaiweka ubavuni mwa mlango badala ya mbele yake. Ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza nakshi niliyokuwa nikiieleza: mwanga uliotoka kando ulitia kivuli katika kila mkato wa patasi, na ua nililozoea kuliona limebapa likainuka kutoka kwenye mbao. Baadaye, kwa idhini ya mama, tuliingia ndani, mzee akainua bakora na kuzigusa boriti za dari moja moja, akawauliza wageni kwa nini chumba ni chembamba namna ile. Hakuna aliyejua, na mimi niliyelipwa nijue nilitazama chini. Akaeleza kwamba boriti za mkoko hazifai kutandazwa kwa upana unaozidi ule bila kupinda, kwa hiyo mwashi hakuchagua upana wa chumba. Alipimiwa na mti.

Mtaniambia kwamba mgeni amelipia saa mbili na anataka kuona mengi. Mimi nawauliza: wale sita wangeona nini kama tungeendelea kukanyaga pedali? Mwingine atauliza, kama ni kushuka, baisikeli ya nini? Sikusema mshuke kila hatua. Penye watu barazani mshuke. Pasipo na watu nendeni, kwa maana baisikeli haingurumi, na aliye juu yake husikia redio ya dirishani na hunusa mkaa wa mishkaki kabla hajaufikia.

Wala sheria hii sikuitunga mimi. Hadithi ya Mtume tumeisoma sote chuo cha Kurani: aliyepanda amsalimu anayetembea, anayetembea amsalimu aliyeketi, na wachache wawasalimu wengi. Nyinyi mmepanda, nanyi ni wachache. Atakayesema kwamba haya ni mambo ya dini na mgeni si Mwislamu, namjibu kwamba mgeni hakuombwa asilimu, ameombwa asalimu. Mfundisheni neno moja, masalkheri, kabla hamjampa kofia ya kichwani.

Nilikusudia kusema pia juu ya breki kwenye mteremko wa Bandari ya Kale, na juu ya Msikiti wa Mandhry, ambao vikundi hujazana mbele yake watu wakitoka kuswali, na juu ya Nyumba ya Leven, ambayo jina lake ni la merikebu ya Kapteni Owen aliyefika 1824, wala si la tajiri aliyeijenga kama nilivyomsikia kijana mmoja akieleza bila kupepesa macho. Lakini mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili, na mara ya pili hakutabasamu.

Baisikeli ziko uani. Tutatoka baada ya Isha, taa moja kwa kikundi, na atakayetangulia ni yule kijana wa nyuma anayecheka, ili nimsikie anavyosalimu.