Koma au nukta? Kusoma namba za mteja kwenye fomu

Karibuni. Leo tunashughulika na kisanduku kimoja tu cha fomu: kile cha bei.

Fungua kivinjari, bonyeza F12, nenda kwenye konsoli uandike parseFloat("1.500,75"), amri ya JavaScript ya kugeuza maandishi kuwa namba. Umeona jibu? 1.5. Haikulalamika hata kidogo, na ubaya wenyewe ndio huo. Mteja wa Lubumbashi kaandika dola elfu moja mia tano na senti 75, wewe umehifadhi moja na nusu.

Dar na Nairobi tunatenga maelfu kwa koma, desimali kwa nukta. Wajerumani kinyume chake, na kivinjari nacho kinaipa sw-CD, Kiswahili cha Kongo, mtindo huohuo wa Wajerumani. Kwa hiyo usitaje lugha peke yake, taja na nchi.

Kwanza, kisanduku. type="number" inavutia, ila mtu akiandika kisichokubalika, value (kile msimbo wako unachosoma kwenye kisanduku) inarudi tupu na hutajua aliandika nini. Mimi naweka type="text" pamoja na inputmode="decimal", simu ilete kibodi ya tarakimu.

Pili, alama zenyewe usizikariri, kiulize kivinjari:

new Intl.NumberFormat("sw-CD").formatToParts(12345.6)

Kwenye orodha inayorudi, chukua kipande cha group (alama inayotenga maelfu) na cha decimal (alama ya desimali). Hiyo 12345 nimeiweka makusudi: Kihispania cha Hispania hakitengi namba ya tarakimu nne, ungetoka mikono mitupu.

Tatu, futa group zote, geuza decimal iwe nukta, kisha ipitishe kwenye Number(). Hii ikikuta takataka inasema NaN, yaani "si namba". Angalia tu kisanduku kisiwe kitupu, maana tupu kwake ni 0! Na kwa Wafaransa, nafasi inayotenga maelfu siyo ile tunayoandika kwa kibodi, ni U+202F, namba yake kwenye orodha ya herufi ya Unicode. Nilihangaika nayo jioni nzima. Futa kwa \s, alama ya regex inayomaanisha nafasi yoyote, inazikamata zote mbili.

Nne, na hii wengi wanairuka. Mtu wa sw-CD aliyezoea nukta akiandika 1.5, wewe umefuta nukta, umepata 15. Hakuna fomula ya kubahatisha alichokusudia. Basi akitoka tu kwenye kisanduku, mwandikie chini yake: "Tumesoma: 15,00". Ataona mwenyewe, atarekebisha. Akishatuma, seva ipelekee namba yenye nukta tu, 1500.75, popote alipo.