Kufuli la Kujitengenezea na Nywila ya Zabibu

REHEMA: Mbukwenyi, wasikilizaji! Upepo wa Dodoma leo umeingia mpaka kwenye maikrofoni, mtuvumilie. Kaka Daudi, ule ujumbe umeusoma?

DAUDI: Nimeusoma. Kijana yuko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ameandika programu yake ya kusimba faili, yaani kulifunga lisisomeke bila nywila. Anataka ofisi ya baba yake mdogo, wanaopima viwanja huko Nala na Ihumwa, waitumie kupelekeana hati za wateja. Anasema haivunjiki, maana mbinu yake hakuna anayeijua.

REHEMA: Hapohapo ndipo inapovuja. Mholanzi Auguste Kerckhoffs alishaandika mwaka 1883 kwamba mfumo uwe salama hata adui akiujua wote, kasoro ufunguo, kama vile nywila. Programu hiyo itakaa kwenye kompyuta za ofisi nzima. Mfanyakazi mmoja akiacha kazi, mbinu kaondoka nayo. Nywila utaibadilisha leo hii, mbinu utaibadilishaje?

DAUDI: Lakini dada, nywila anayo. Kila herufi ya faili inachanganywa biti kwa biti na herufi ya nywila, ile XOR. Nywila ikiisha, anaianza upya. Nimelifungua faili lake, vurugu tupu! Sikuambulia kitu.

REHEMA: Kwa macho, ndiyo. Hati zao ni faili za aina gani?

DAUDI: PDF.

REHEMA: Basi kwisha. PDF huanza na alama zinazojulikana: alama ya asilimia, P, D, F, kistari, kisha toleo, tuseme 1.7. Hesabu.

DAUDI: Asilimia... moja, nukta, saba. Nane.

REHEMA: Sasa XOR ina tabia yake: chukua kilichofungwa, kichanganye na asilia, kinachobaki mkononi ni nywila. Tuseme nywila yao ni “zabibu24”.

DAUDI: Herufi nane!

REHEMA: Inatoka yote kwenye mstari wa kwanza, hujabahatisha chochote. Ikiwa ndefu zaidi, umeshapata nane za mwanzo, na karibu na mwisho wa PDF kuna alama ya kufungia, %%EOF, ya kukuongezea nyingine.

DAUDI: Aisee. Na akifunga mara mbili, kwa nywila mbili?

REHEMA: Zikiwa na urefu sawa, ni kama nywila moja tu. Kajichosha bure.

DAUDI: Haya, hao wa AES, ile mbinu ya kusimba inayotumika dunia nzima, wametuzidi nini? Nao si watu tu?

REHEMA: Kazi yao imeshambuliwa hadharani. Mwaka 1997 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliomba mapendekezo, yakashindanishwa 15, na wataalamu wa nchi nyingi wakayatafuta makosa, hata washindani wenyewe kwa wenyewe. Ikashinda Rijndael ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikawa kiwango rasmi mwaka 2001. Na bado ukiitumia kienyeji utaumia. Sony kwenye PlayStation 3 walitumia hesabu nzuri kabisa za saini za kidijitali, ila namba iliyotakiwa kuwa mpya kila saini wakairudia ileile. Mwaka 2010 wadukuzi wakaonyesha jinsi ya kukokotoa ufunguo wa siri.

DAUDI: Kwa hiyo kijana aache?

REHEMA: Aache kwa nini? Aandike, na avunje ya wenzake, ndivyo watu wanavyoijua kazi hii. Ila hati za viwanja za watu asizifanyie majaribio. Ofisini waweke programu ya 7-Zip, wafunge kwa muundo wa 7z na kuteua kusimba hadi majina ya faili. Wakitumia zip, wahakikishe ni AES-256, si ZipCrypto, ile mbinu ya zamani iliyo dhaifu. Au wachukue programu ya age: kila mtu anawapa wenzake ufunguo wake wa umma, wa kufungia tu, na ule wa kufungulia anabaki nao mwenyewe, hakuna nywila ya kutumiana.

DAUDI: Maana kwenye magrupu ya WhatsApp faili linatumwa, chini yake: “pasiwedi ni 1234”.

REHEMA: Heri asingefunga! Nywila wapigiane simu waambizane. Na wewe kijana, tutumie faili moja la mfano pamoja na msimbo wako wote. Kipindi kijacho Daudi atalivunja hapa hapa.

DAUDI: Mimi tena?