Mkasi wa Hollywood na Dansi Tunazozikumbuka

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Wangapi humu mmeshamwona nyota wa Hollywood Fred Astaire akicheza dansi na Ginger Rogers, bwana kavaa koti jeusi la mkia, bibi gauni la manyoya? Naona mikono mingi, hata ya vijana wa kule nyuma. Vizuri. Sasa nani atanisimulia kisa cha filamu hiyo? (Kicheko.) Mikono yote imeshuka.

Filamu ni Top Hat, ya mwaka 1935. Kisa chake ni cha msichana anayemdhania kijana wa watu kuwa ni mume wa shoga yake, na dhana hiyo inaburutwa mpaka Venice, Venice ya kuchonga iliyojengwa ndani ya studio ya RKO. Laiti mtu mmoja angeuliza swali moja la maana, filamu ingekwisha katika nusu saa ya kwanza. Hayo tumeyasahau, na hatukukosea. Kilichobaki vichwani mwetu ni dakika chache za wimbo wa Irving Berlin, "Cheek to Cheek", na gauni lile la manyoya ya mbuni lililokuwa likipukutika kila Ginger alipogeuka. Manyoya yale yalimkera Astaire mpaka akampachika mwenzake jina la utani la Feathers.

Basi hoja yangu ndiyo hiyo. Tunaposema tunazitamani filamu za nyimbo na dansi za Hollywood ya zamani, tunachotamani ni vipande vilivyokatwa. Kumbukumbu yetu imeshika mkasi. Na mkasi huo hatukuuanzisha sisi. Ulikuwepo studio tangu mwanzo, na haukuwakata watu wote kwa namna moja.

Tazameni jinsi filamu hizi zilivyotengenezwa. Mwaka 1933 kampuni ya Warner Bros. ilitoa 42nd Street. Mwongozaji wa filamu alikuwa Lloyd Bacon, lakini dansi zilikuwa mikononi mwa mtu mwingine kabisa, Busby Berkeley. Berkeley hakusomea dansi. Alikuwa ofisa wa jeshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akipanga gwaride, na gwaride ndilo alilolipeleka Hollywood. Aliipandisha kamera juu karibu na dari, akawalaza wasichana kadhaa chini, wakawa maua yanayofunguka na kufumba. Mimi binafsi Berkeley hunichosha upesi. Baada ya ua la tatu naanza kuwahurumia walio chini. Lakini kuna kipande chake kimoja ambacho hakinichoshi.

Kimo katika Gold Diggers of 1933. Filamu inafunguka kwa wasichana waliovaa sarafu, wakiimba kwamba sasa wana fedha tele, na kabla wimbo haujaisha wanaingia watu wa serikali kukamata vifaa vya jukwaani kwa sababu madeni hayajalipwa. Inafungwa na "Remember My Forgotten Man": askari waliotoka vitani Ulaya kwa shangwe, sasa wamepanga foleni ya mkate. Mwaka mmoja nyuma yake wanajeshi wastaafu walikuwa wamekusanyika Washington kudai malipo yao, wakafukuzwa na jeshi lao wenyewe. Watazamaji walijua wanaonyeshwa nini. Katikati ya kipande hicho mwanamke Mweusi yuko dirishani, anaimba beti zake kwa sauti inayotoka chini kabisa ya kifua. Huyo ni Etta Moten. Mwaka 1957 alikuwa Accra, siku Ghana ilipopata uhuru, na huko akamhoji Martin Luther King kwa ajili ya redio. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba filamu hizi zilikuwa za kuwasahaulisha watu shida zao, mwambie zipo zilizokumbusha.

Astaire alikuwa kinyume cha Berkeley. Aliitaka kamera imwone mwili mzima, kuanzia utosi hadi soli, na isikatekate. Mhariri akikukata mara kumi kwa dakika moja, mtazamaji hawezi kujua kama kweli unaweza. Akikuacha dakika tatu mfululizo, huna pa kujificha. Katika Swing Time ya 1936 kuna dansi ya mwisho, "Never Gonna Dance", yenye ngazi mbili zinazopinda. Waliirudia mara 47. Miguu ya Ginger Rogers ikavuja damu ndani ya viatu, na akaendelea. Ukiitazama leo huoni dalili yoyote, na nadhani hapo ndipo hamu yetu inapotoka. Wepesi ule tunauamini kwa sababu tunauona mzima, ingawa gharama yake imefichwa.

Na mengi yalifichwa. Waigizaji wengi hawakuwa wakiimba pale mnapowaona. Wimbo ulirekodiwa kwanza, pamoja na okestra. Siku ya kupiga picha ukapigwa kwenye spika, nao wakafuatisha midomo. Milio ya viatu vya dansi vyenye vyuma kwenye soli nayo mara nyingi iliongezwa baadaye. Kwetu jambo hili si geni. Majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam yalijaa watu kwa filamu za Kihindi, na kila mtu alijua kwamba uso ni wa mwingine na sauti ni ya mwimbaji Lata Mangeshkar. Lata alikuwa nyota kuliko nyota wenyewe. Hollywood ilikwenda njia nyingine. Mwimbaji Marni Nixon alimwimbia Deborah Kerr, yaani alimpa sauti yake, katika The King and I mwaka 1956, akamwimbia Natalie Wood katika West Side Story mwaka 1961, kisha akamwimbia Audrey Hepburn sehemu kubwa ya nyimbo za My Fair Lady mwaka 1964. Jina lake halikuandikwa kwenye hata moja ya filamu hizo tatu. Kati ya Bombay na Hollywood, kwa hili, mimi niko upande wa Bombay bila kusita.

Sasa turudi kwenye mkasi.

Kipande kikitengenezwa peke yake, kinaweza kutolewa peke yake. Lena Horne, mwimbaji Mweusi, alichukuliwa na studio ya MGM mwaka 1942. Alikuwa na sura, sauti na umaarufu wa kuongoza filamu yoyote. Katika filamu nyingi za studio ile alipewa nguo nzuri, akasimama kando ya nguzo, akaimba wimbo wake, akaondoka. Haongei na mtu. Haingii kwenye kisa. Hiyo haikuwa bahati mbaya ya mwandishi. Kipande chake kilipangwa hivyo ili majumba ya sinema ya majimbo ya Kusini ya Marekani, ambako wenye sinema hawakutaka kumwona mtu Mweusi akiwa sawa na Mzungu, yaweze kumkata na filamu isipungukiwe kitu. Mwaka 1946 aliigiza kipande cha Julie, mhusika wa mchezo wa nyimbo wa Show Boat, ndani ya filamu nyingine ya MGM. Studio hiyohiyo ilipoitengeneza Show Boat yenyewe mwaka 1951, nafasi ya Julie, mwanamke mwenye damu ya Kiafrika, ikapewa Ava Gardner. Gardner naye akaimbiwa na mtu mwingine. Jamani!

Si Lena peke yake. Mwaka 1935 Bill Robinson, mzee Mweusi wa dansi za ngazi, alipanda ndani ya filamu ngazi na mtoto Shirley Temple wakiwa wameshikana mikono. Huko Kusini kushikana mikono huko kukakatwa. Mwaka 1948 ndugu wawili Weusi, Fayard na Harold Nicholas, walicheza bega kwa bega na Gene Kelly katika The Pirate, na baadhi ya miji ya Kusini ikakitoa kipande hicho. Na Swing Time ile niliyoisifu sasa hivi ina kipande kingine, cha kumheshimu Robinson, ambacho Astaire anakicheza akiwa amejipaka rangi nyeusi usoni, kama Wazungu walivyozoea kuwaigiza Weusi kwa dhihaka. Miguu yake ni mizuri ajabu. Uso sitaki kuuona. Najua wapo wanaosema nyakati zile ndivyo zilivyokuwa, na hata nia yake ilikuwa njema. Sawa, lakini Robinson mwenyewe alikuwa hai, na angeweza kuitwa.

Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema enzi zile zilikuwa tamu, namuuliza: zilikuwa tamu kwa nani? Wala sisemi tuache kuzipenda. Mimi nazipenda. Ila mkasi unaotuletea leo vile vipande vitamu kwenye simu, kimoja kimoja, bila kisa na bila waliozunguka, ndio uleule uliomtoa Lena Horne.

Halafu kuna jambo la kuchekesha. Hamu hii ya zamani haikuanza na sisi tuliozaliwa baadaye. Hollywood yenyewe iliiuza mapema sana. Singin' in the Rain, ambayo wengi huiweka juu kuliko zote, ni ya mwaka 1952. Mtayarishaji wake, Arthur Freed, alikuwa zamani mtunzi wa mashairi ya nyimbo pamoja na Nacio Herb Brown, na alikuwa na rundo la nyimbo kuukuu. Wimbo wenyewe wa mvua ulikuwa umeshaonyeshwa katika filamu ya mwaka 1929. Waandishi Betty Comden na Adolph Green waliagizwa watafute kisa cha kuzibeba nyimbo hizo, na kwa kuwa nyimbo zilinukia miaka ile, kisa wakakipeleka 1927, filamu zilipoanza kusema. Yaani filamu tunayoitamani nayo ilikuwa inatamani ya kale.

Na kisa chake ni nini? Msichana asiyejulikana anampa sauti nyota mwenye sauti mbaya, mwishowe pazia linavutwa na ukweli unajulikana. Sasa sikilizeni. Wimbo "Would You?", ambao Debbie Reynolds anaonekana akimwimbia nyota yule, uliimbwa na mwimbaji mwingine, Betty Noyes. Na pale Debbie anapoonekana akiyaingiza maneno ya nyota, sauti tunayoisikia ni ya Jean Hagen, huyohuyo anayeigiza mwenye sauti mbaya. (Kicheko.) Pazia la kwenye filamu lilivutwa, la studio likabaki palepale.

Gene Kelly aliicheza dansi ya mvua akiwa na homa kali. Debbie, mwenye miaka 19 na asiye mchezaji, alitoka kwenye "Good Morning" miguu ikivuja damu. Mnaona, damu kwenye viatu inajirudia.

Kwa nini filamu hizi zilikwisha? Nitapita haraka. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyozilazimisha studio kubwa kuachana na majumba yao ya sinema. Televisheni ikaingia sebuleni. Kazi ya namna hii ilihitaji okestra, washonaji, mafundi seremala na wachezaji walio kwenye mishahara mwaka mzima, na studio hazikuweza tena kuwalipa watu wote hao. The Sound of Music ya 1965 ilileta fedha nyingi sana, zikawadanganya wengine wakatengeneza filamu za gharama zilizoanguka. Mwaka 1970 MGM ilipiga mnada nguo na vifaa vyake. Viatu vyekundu vya The Wizard of Oz vikauzwa dola 15,000. Debbie Reynolds alikuwa miongoni mwa wanunuzi, akizikusanya nguo za wenzake.

Miaka minne baadaye studio hiyohiyo ikatoa That's Entertainment!, filamu ya vipande vitupu. Nyota wazee wanatembea kwenye mitaa ya bandia iliyooza, Astaire akiwa kwenye kituo cha treni kilekile alichochezea The Band Wagon, sasa kimechakaa. Watu walijaa. Ulikuwa mwaka ambao Rais Richard Nixon wa Marekani alijiuzulu, na tangazo la filamu lilisema wazi kwamba burudani hiyo inahitajika sasa. Ilibidi kusubiri sehemu ya tatu ya filamu hiyo, mwaka 1994, ndipo Lena Horne akasimama mbele ya kamera kama msimulizi na kueleza mwenyewe alivyotendewa. Humo ndimo kikaonyeshwa kipande chake cha 1943, akiwa kwenye beseni la povu, kilichokatwa kabla filamu haijatoka.

Tumebakiwa na muda wa kutosha. Nilikuwa nimeandaa vipande sita vya kuwaonyesha, nikaona ningekuwa napingana na maneno yangu. Tutaangalia Stormy Weather ya 1943, yote, haifiki dakika 80. Karibu waigizaji wote ni Weusi, kwa hiyo hakukuwa na wa kukatwa. Onyo dogo: mapenzi ya kisa hiki hayashawishi hata kidogo, kwani Bill Robinson ana miaka sitini na kitu na Lena Horne ishirini na kitu. Na kuna vichekesho vya kujipaka rangi humo pia, vikifanywa na Weusi wenyewe, tutavijadili. Wale waliokuja kwa ajili ya ndugu Nicholas kurukiana vichwa kwenye ngazi, wakitua miguu imepanuka na kuinuka bila kushika chini, dansi waliyosimulia wenyewe kwamba ilirekodiwa mara moja tu: wako mwishoni kabisa, itabidi muwasubiri. Maswali tuyaweke baada ya filamu. Bwana wa taa, tafadhali.