Umeng'atwa na mbwa? Udogo wa kidonda usikudanganye

Karibu, mtazamaji. Leo tunaona la kufanya mbwa au paka akikung'ata, hata akiwa yule unayemlea mwenyewe.

Kwanza, maji na sabuni, papo hapo. Fungua bomba, maji yatiririke juu ya kidonda dakika 15 kamili. Tazama tundu hili la jino: juu ni kama tundu la msumari, tayari linaanza kujifunga, lakini jino lilizama ndani. Lipanue taratibu kwa vidole ili maji yaingie. Usilibane kwa plasta.

Pili, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa haisubiri dalili. Ulizia na ya pepopunda.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi hupitiwa. Mdomoni mwa mbwa na paka wazima wa afya huishi bakteria aitwaye Capnocytophaga canimorsus. Mgonjwa wake wa kwanza aliripotiwa mwaka 1976. Watu wengi hawadhuriki naye kabisa. Akiingia kwenye damu, ambalo ni jambo la nadra, huua takriban watu 3 kati ya 10. Walio hatarini zaidi ni waliotolewa wengu (yaani bandama), wanywaji wa pombe kupindukia, na wenye kinga dhaifu, wakiwemo wagonjwa wa saratani. Kama ni mmoja wao, sema mapema: daktari anaweza kukuanzishia antibiotiki kabla hujaugua. Na kwako, hata mbwa kulamba mchubuko tu kunatosha kukupeleka hospitali.

Tatu, jichunguze kwa siku 14. Dalili huja mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 5: homa, kutetemeka, kutapika, kuharisha, kuchanganyikiwa, madoa ya zambarau kwenye ngozi. Kidonda chenyewe huenda kikawa kimeshapona, ndiyo maana watu hudhani ni malaria au chakula kibaya.

Ukiona hata mojawapo, kimbia hospitali, usilale nalo. Ukifika mapokezi usiseme "nina homa" ukanyamaza. Sema hivi: "Niling'atwa na mbwa Jumanne, na sina wengu." Bakteria huyu hukua polepole maabara, majibu ya damu huweza kuchukua siku kadhaa. Daktari akishajua habari ya mbwa, ataanza dawa saa ileile.