Pakiti Haikuahidiwa Kufika

Ndugu wasikilizaji, picha mnayoituma kwa simu haisafiri ikiwa nzima. Hukatwakatwa. Kila kipande, yaani pakiti, kwa kawaida hakizidi baiti 1,500, nacho hubandikwa anwani mbili: kinakotoka na kinakokwenda. Jina hilo la pakiti alilitoa Mwingereza Donald Davies, katika miaka ya 1960.

Njiani pakiti hupokewa na ruta, yaani mashine za kuelekeza data mtandaoni. Ruta haiijui safari yote. Inajua tu jirani wa kumkabidhi. Ikishakabidhi, imemaliza.

Sasa shikeni hili, maana ndilo lililonileta hapa: ruta haijaahidi kitu. Foleni yake ikijaa, pakiti hutupwa, na mara nyingi aliyeituma haambiwi. Wengi wakisikia hivyo hushtuka. Mimi naiona hiyo kuwa busara kubwa kuliko zote katika intaneti. Mfaransa Louis Pouzin aliijenga katika mtandao wa CYCLADES, na Wamarekani Vint Cerf na Bob Kahn, waliobuni misingi ya intaneti, wakaifuata mwaka 1974: njia ibaki nyepesi, uangalifu ukae kwenye kompyuta mbili za mwisho. Anayepokea hujibu kwamba amepata. Anayetuma asipojibiwa, hutuma tena. Na pakiti zilizopitana njiani hupangwa kwa namba zake.

Lakini kurudia kutuma nako kuna hatari. Oktoba 1986, huko Marekani, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani, mwendo wa data ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Arobaini! Na umbali wenyewe haufiki hata nusu kilomita. Hakuna waya uliokatika. Kila kompyuta, ikiona kimya, ilituma tena, na foleni ikazidi kufurika kwa pakiti zile zile.

Wataalamu wa mitandao Van Jacobson na Mike Karels ndio walioipatia hatari hiyo dawa. Pakiti ikipotea, walisema, ichukuliwe kuwa njia imejaa. Basi mtumaji apunguze, tena apunguze kwa nusu, kisha aongeze kidogo kidogo mpaka apoteze nyingine. Hakuna msimamizi anayemwamuru; anajizuia mwenyewe ili na wenzake asiowajua wapite. Mbinu zimeboreshwa tangu hapo, ila msingi ni ule ule. Ndiyo maana faili kubwa unalolipakua huanza kwa mwendo mdogo kwanza: kompyuta inayokutumia bado inapima njia ina nafasi kiasi gani.