Maji Uliyoyasahau Ndani ya Bomba: mazungumzo na mafundi vijana, Malindi

Asalaam aleikum jamani, asanteni kwa kuja na jua hili. Najua mnajiuliza baridi yatuhusu nini sisi, hapa Malindi hata kusi likivuma mtu ajifunika shuka tu basi, lakini humu kuna watakaoenda nje kutafuta kazi kama nilivyoenda mimi, na zile trela za safari, nyumba za kuvutwa na gari, zina kazi nyingi ya bomba.

Soda ya chupa ukiisahau kwenye friza wajua inakuwaje, inapasuka. Maji yakiganda yanafura kama asilimia 9 na bomba halina pa kuyapeleka. Kwahiyo kule Marekani, kabla baridi haijafika nyuzi 0 za Selsiasi, unamwaga tangi, unafungua vali za chini na mifereji yote, ya moto na ya baridi. Hita ya maji unaizima kwanza, inapoa, unatoa presha, ndo ufungue plagi, kile kizibo cha kutolea maji, manake yale maji yakikurukia usoni utaungua vibaya. Halafu unageuza vali za baipasi, ile njia ya pembeni inayoikwepa hita, ili hita isimeze dawa bure, na kwa pampu unavuta dawa ya pinki ya kuzuia kuganda mpaka kila mfereji uteme pinki. Kulanti ya gari hapana kabisa! Ile ni sumu, na mabomba haya watoto wanayanywea.

Mimi mwaka wa kwanza nilisahau shawa ya nje, ile imefichwa kwenye kimlango cha ubavuni. Kila kitu kingine nilifanya sawa. Mwezi wa nne mwenyewe akaja, akajaza tangi, pampu ikawa yanguruma, yazima, yanguruma tena, na hakuna mfereji ulio wazi. Ukisikia hivyo jua panavuja. Nikapiga magoti na tochi, nikakuta mfereji wa shawa una ufa mwembamba kama unywele, na ubao wa nyuma ushalowa, ukiubonyeza kidole kinazama. Niliulipa mimi ule ukuta, mtu aliniamini na nyumba yake.

Na kikombe cha chujio kwenye pampu kifungueni kwa mkono mkimwage, ni plastiki, hupasuka mapema.

Dada umeuliza dawa inatokaje baadaye. Pitisha maji safi mpaka pinki na povu viishe, kisha weka klorini kidogo kwenye tangi, ifike kila mfereji, iache masaa kadhaa, suuza mpaka harufu iondoke.