Mgoni wa kukodi: sheria iliyo nyuma ya The Gay Divorcee

Stori ya filamu ya muziki The Gay Divorcee wengi mnaijua, kwa kifupi tu: Ginger Rogers ni mke anayetaka talaka, anakodiwa mwanaume, Tonetti, ajifanye mgoni wake, na Fred Astaire ndiye anayempenda. Nataka kuongea na wale wanaoniambia kila siku eti pale ni dansi tu, kisa hakina kichwa wala miguu, mtu gani mwenye akili anakodi mwanaume wa kukaa naye hotelini usiku ili apate talaka? Jamani, watu walikuwa wanafanya hivyo! Filamu ni ya 1934, mambo yanatokea Uingereza, na huko wakati ule bila kuthibitisha ugoni hupati talaka. Mume amekutelekeza? Haitoshi. Anakupiga? Nayo peke yake haitoshi. Mmechokana? Ndo kabisa, mahakama ikigundua mmepanga wote wawili mnanyimwa. Sasa wafanyeje? Chumba kinalipiwa, mtu anakodiwa, asubuhi mhudumu anaingia na chai anawakuta, shahidi kashapatikana. Mpaka 1937 ndo ikapitishwa sheria ya kuongeza ukatili, kutelekezwa miaka 3 na wazimu usiotibika.

Mtu atasema si angeondoka tu akaishi zake. Aishi vipi wakati bado ni mke wa mtu na kuolewa tena hawezi?

Haya, sasa itazame tena ile sehemu ya wimbo wa Night and Day. Fred Astaire anamfuata Ginger Rogers, anamzibia njia, anamvuta taratibu mpaka wanacheza, wimbo ukiisha dada kakaa kama kalewa na jamaa anampa sigara. Halafu katika maongezi jamaa anatamka, bila kujua, ile sentensi ambayo mgoni wa kukodi alipewa ili atambulike. Uso wa Ginger unabadilika palepale, kumbe huyu niliyeanza kumpenda ni mtu wa kulipwa! Hapo unacheka huku inakuuma, na hayo maumivu yameletwa na sheria. Tonetti, mgoni mwenyewe, anaikosea hiyo sentensi kila akiijaribu.

Muda umeisha. The Continental, wimbo mwingine wa filamu hii, ndo ilichukua Oscar ya kwanza kabisa ya wimbo, na kwenye nyimbo ambazo Cole Porter alitunga kwa mchezo wa jukwaani uliozaa filamu hii imebaki hiyo Night and Day peke yake, hilo linanikera ila tuliache. Mwisho wake angalieni: mume anakuja, mwigizo wote haumshtui, mpaka mhudumu wa hoteli anamtambua kwamba huyu bwana anamjua na mke mwingine. Ushahidi ukapatikana, wa ugoni wa kweli, na mwenye kosa ni mume. Haya, anayebisha anyooshe mkono.